Miti Myeupe na Maji Meusi

Kazi yangu ilikuwa kulinda baridi. Watu wa sokoni Gisenyi walicheka niliposema hivyo, na wewe cheka ukitaka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzungu wa picha alikuwa na sanduku la bati lenye filimu za namna ya peke yake, na filimu zile zikipata joto zilikufa kabla hazijaona kitu. Barafu ilitoka hotelini asubuhi, ikifika saa nne ilikuwa maji. Basi nilifunika sanduku kwa gunia lililolowa, nikaliweka kivulini, kivuli kikihama nami nahama nalo, nachota maji ya ziwa, namwagia. Siku nzima hivyo. Nilikuwa mwanaume mzima, mwenye mke na nyavu zangu mwenyewe, na nilikuwa nafuata kivuli kama kuku.

Naandika haya kwa sababu wengine waliokuwapo wamekwisha. Shule niliisoma miaka miwili tu, katekisimu na kuandika, mengine niliyaokota kwenye mashua za Goma na Bukavu, kwa hiyo usitafute hapa maneno mazuri. Tafuta wenye makosa. Nitawataja mmoja mmoja. Majina yao siandiki, maana watoto wao wako hai na hawakufanya kitu. Nitataja kazi zao, na anayejua atajua.

Kwetu kulikuwa kusini ya mji, unapita nyumba za Wazungu zenye maua, unafuata njia ya ufukweni mpaka barabara inakuwa kijia, halafu kijia kinashuka kwenye kighuba kidogo. Tulikuwa nyumba sita za wavuvi ndani ya migomba. Babu yangu ndiye aliyefika wa kwanza. Alijenga, akazungushia boma lake miti ya mivumu, fito tu za kuchomeka ardhini, nazo zikaota, zikawa miti mikubwa inayogusana vichwa. Katika nchi yetu mtu akiona mivumu imesimama duara haulizi swali. Anajua hapo ni kwa mtu. Hata nyumba ikioza, hata ukoo ukiisha, mivumu inabaki inasema hapa paliishi watu. Baba yangu alizikwa ndani ya duara lile. Mama alikuwa anapika hatua kumi kutoka hapo.

Mahali pale tulipapoteza. Nasema mapema ili usisome ukitumaini.

Kuna jambo lazima ulielewe kuhusu sisi watu wa kighubani, na hili ni kosa letu wenyewe, sitamsingizia mtu. Tulikuwa mafundi wa kutokuwapo. Kila aliyeshuka kwenye kijia kile akiwa na kofia au karatasi alikuja kuchukua: kodi, au watu wa kuchimba mitaro mlimani, au kuhesabu miti ya kahawa uliyolazimishwa kupanda na hukupanda. Basi mtu wa kwanza kuona kofia alikohoa mara mbili kwa nguvu. Kikohozi kile kilipita nyumba hadi nyumba. Kabla kofia haijafika chini, sisi tulikuwa juu kwenye viazi vitamu, tumeinama, tunalima kama watu wa huko. Hata kwenye kitabu cha kodi tuliandikwa ni watu wa mlima wa juu, kwa baba yangu mdogo, kwa sababu mkusanyaji wa kule alikuwa na mguu mbovu na hakupenda kutembea. Tulijiona wajanja. Jioni tulikuwa tunacheka.

Mzungu wa picha hakukoholewa. Alikuja kwa mashua, kutoka upande wa maji, na huko hakuna aliyekuwa akiangalia.

Alikuwa mgeni wa mwenye kahawa. Huyu mwenye kahawa ni mkosaji wa kwanza, nimtaje kabisa. Alikuwa na shamba kubwa nyuma ya kilima chetu na alitaka njia yake ya kuteremsha magunia mpaka ziwani, na penye maji matulivu pa kufunga mashua kubwa. Maji matulivu yalikuwa kwetu. Alishatuma mtu mara mbili kuuliza, na mara zote mbili tulikuwa kwenye viazi.

Mzungu wa picha alinikuta natengeneza wavu. Alikuwa mwembamba, amechomwa na jua mpaka pua inabanduka, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa Kongo, cha kuamrisha, ila yeye alikitumia kwa upole.

"Weye, unajua miti ya hapa?"

"Najua, Bwana."

"Unajua maji iko inatulia saa gani?"

"Saa ya asubuhi, upepo haijaamka."

"Bon. Utatumika na mi."

Mzee jirani yetu, mvuvi wa zamani ambaye meno yake yote yalikuwa yamebaki kwenye viko vya tumbaku, alikuwa amekaa karibu. Aliuliza huyu anataka kupiga foto ya nani. Nikamwambia ya miti na maji.

"Ya maji?" akasema Mzee. "Anaogopa itakimbia?"

Nilimfanyia kazi majuma matatu. Nilibeba ile kamera kubwa yenye miguu mitatu, nikabeba sanduku la baridi, nikajifunza mambo. Kamera yenyewe ilikuwa na mfuko wa ngozi katikati, unaokunjuka kama kinanda cha mkono, na mfuko ule aliuzungushia kitambaa cheusi mara mbili kwa sababu, alisema, mwanga inaoutaka filimu hii unapita hata kwenye ngozi. Mbele ya jicho la kamera aliweka kioo chekundu mno, karibu cheusi. Niliwahi kukiweka machoni nikaona usiku. Nikamwuliza, Bwana, utaona nini na kioo hiki? Akanieleza, na maelezo yake niliyashika mpaka leo.

"Jani inakula mwanga moja, ingine inarudisha. Ile inarudisha, macho yako haioni. Filimu inaona. Maji, yeye anakunywa yote, harudishi kitu."

Kwa sababu ya kioo kile picha moja ilichukua muda mrefu. Alifungua jicho la kamera, akaanza kuhesabu polepole kwa Kifaransa, mpaka arobaini, wakati mwingine mpaka sitini, wakati huo wote jicho liko wazi. Mimi nikasimama na gunia langu. Siku moja aliniambia nisimame ukingoni, karibu na mikaratusi, nioneshe ukubwa wa miti. Nilisimama. Lakini jua lilikuwa kali, sanduku lilikuwa limebaki juani, nikakimbia kulihamisha, nikarudi, nikaenda tena kuchota maji. Alipomaliza kuhesabu alitikisa kichwa tu.

Aliosha picha zake nyumbani kwa mwenye kahawa, kwenye chumba cha kuogea, mablanketi yamefunika dirisha. Siku ile aliniita niingie nione. Kulikuwa na taa nyekundu ndogo na beseni za dawa zinazonuka siki. Akatia karatasi nyeupe ndani ya beseni, akaitikisa, na picha ikaja yenyewe toka chini kama kitu kinachoelea.

Sitasema uongo. Ilikuwa nzuri. Mikaratusi ilikuwa myeupe kabisa, kila jani jeupe, kama kilele cha Karisimbi asubuhi ile mvua ya mawe inapokuwa imekifunika. Maji yalikuwa meusi, meusi ya masizi, hayana hata mkunjo mmoja. Mbingu nyeusi. Milima ya ng'ambo ambayo macho huiona kama moshi ilikuwa imekaribia, mikali, unaweza kuhesabu mikunjo. Halafu nikajitafuta.

"Bwana, mi niko wapi?"

Akacheka. "Wewe? Haukutulia. Kitu inatembea, filimu haishike. Umekuwa upepo."

Pale niliposimama palikuwa na nyasi nyeupe tu. Na mimi nikacheka. Nilienda nyumbani nikawasimulia, Mzee jirani akacheka mpaka akakohoa, na watu wawili wakaanza kukimbilia viazini.

Sasa ndiyo nafika penyewe.

Juma la tatu alisema anataka kighuba chetu. Aliona mivumu kutoka kwenye mashua, na migomba, na maji yaliyolala mbele yake, akasema hajaona mahali kama hapo Kongo nzima. Alitaka miti na maji, basi. Miti na maji bila kitu kingine.

"Sema na watu yako," aliniambia. "Siku ya foto, moto hapana. Moshi inatembea. Nyavu watoe. Nguo watoe. Mitumbwi wapeleke nyuma ya mawe. Na watu wapande juu kidogo. Saa moja tu. Nitapiga kisha watarudi."

Unaona? Hakutumia nguvu. Alinipa tumbaku nimpelekee Mzee. Mpaka leo watu wananiambia yule hakujua, alipenda miti tu. Mimi nasema alijua. Alikuwa anakula kila jioni meza moja na mwenye kahawa, na mwenye kahawa hakuwa mtu wa kuzungumza habari nyingine mezani zaidi ya njia ya magunia yake. Mtu anaweza kupenda miti na bado akajua. Ni mkosaji wa pili.

Nilikwenda kwa watu wetu. Hawakuhitaji kubembelezwa, kuondoka ndiyo kazi tuliyoijua vizuri kuliko kuvua. Na kuna aibu pia. Mgeni akija kwako unafagia, unaficha chungu kilichovunjika, unaficha mkeka uliotoboka. Hatukutaka nyavu zetu zenye viraka ziende Ulaya. Wanawake walianua nguo, wanaume wakasukuma mitumbwi nyuma ya mawe, na mke wangu alifagia ufukwe mzima mpaka nyayo zikafutika. Akauchorea hata michirizi ya ufagio, inapendeza.

Mama peke yake ndiye aliyekataa.

"Moto wangu una maharage," alisema.

"Mama, ni saa moja tu."

"Mzungu anaogopa maharage?"

"Anasema moshi unaharibu."

"Moshi wangu haujawahi kumharibia mtu kitu. Baba yako alikuwa akitoka ziwani kwenye ukungu, anatafuta moshi huu, ndipo anajua kwao ni wapi. Sasa nizime ili mtu wa mashua asione kwetu ni wapi?"

Alisema hivyo hasa. Mama hakusoma hata siku moja, na alisema hivyo. Nami nikafanya nini? Nikachukua kibuyu cha maji nikamwaga juu ya mafiga. Moto ulilia, mvuke ukapanda, maharage yakabaki mabichi. Mama alinitazama, akajifunga kanga, akapanda juu na wengine. Hakunitukana. Ningependelea anitukane.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa kama kitu kilichomwagwa kikaganda. Mzungu aliweka kamera kwenye jiwe lililotoka majini, akalenga, akasogeza lenzi mpaka kwenye alama nyekundu iliyo pembeni, maana mwanga ule usioonekana unakaa mahali pake tofauti. Akaweka kioo. Akafungua. Nilimsikia akihesabu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na gunia, nimeishika pumzi yangu ili nisitikise jiwe. Ndege mmoja tu alilia. Alipiga tatu. Kisha akanishika mkono, macho yake yamelowa, akasema asante. Nilijiona mtu mkubwa.

Aliondoka juma lililofuata, akashuka Usumbura, sikumwona tena. Picha moja kubwa alimpa mwenye kahawa kama asante ya malazi. Mwenye kahawa akaenda kumwonesha mkubwa wa teritwari, yule Mzungu wa serikali aliyetawala eneo letu lote.

Miezi ilipita. Kisha siku ya soko kuu mtu wa sushefu alikuja kutuita, na safari hii alikuja kwa mashua, kama vile amefundishwa. Tulitakiwa barazani kwa sushefu, watu wa kighubani wote, kuna kesi ya udongo. Sushefu, kwa wale wadogo wasiojua, ndiye aliyekuwa anatawala milima michache chini ya shefu mkubwa. Huyu wetu alikuwa Mnyarwanda kama sisi, amezaliwa karibu na Nyundo, viatu vyeupe, kofia ya Kizungu. Ni mkosaji wa tatu, na kwangu mimi yuko juu ya wote.

Barazani alikuwapo mkubwa wa teritwari, anatoka jasho. Alikuwapo mwenye kahawa, amekaa pembeni, miguu imenyooka. Alikuwapo karani wa teritwari, mtu wa mjini, kalamu sikioni, ndiye anayetafsiri. Tulikaa chini. Karani akasoma karatasi kwamba udongo wa kighubani ni udongo mtupu, hauna mwenyewe, na serikali inaweza kumpa anayeutaka autumie. Kwanza waulizwe kama kuna mwenye neno.

Mzee jirani akainuka. "Tuko pale toka baba zetu."

Karani akafungua kitabu cha kodi. Alisoma majina yetu moja moja, na baada ya kila jina akasema mlima wa juu. Mlima wa juu. Mlima wa juu. Alisoma vizuri sana, na alikuwa anafurahia. Ni mkosaji wa nne huyu. Yeye mwenyewe alishakuja kighubani kununua samaki wabichi wa ingege, alikula kwa mama yangu, alijua kabisa tunalala wapi.

"Munashuka kuja kuvua," akasema, "kisha munarudi kwenu juu. Kitabu haidanganye."

"Kitabu tuliidanganya sisi," akasema Mzee, na watu wakacheka kidogo, hata mkubwa akauliza wanacheka nini. Karani hakutafsiri.

Hapo mwenye kahawa akatoa picha ndani ya bahasha, akaiweka mezani.

Mkubwa aliitazama tena kwa muda. Akasema neno kwa Kifaransa, karani akatuambia amesema ni nzuri sana. Halafu akaniita, maana mimi ndiye nilijulikana nimefanya kazi na mpiga picha.

"Oneshe nyumba yako," karani akasema.

Nikasogea. Sikuwa nimewahi kuona picha ile kabla, zile za kighubani aliziosha bila kuniita. Ilikuwa nzuri kupita zote. Maji meusi mbele, hayana mtumbwi. Ufukwe safi. Nyuma yake weupe mtupu, migomba myeupe, mivumu myeupe, majani juu ya majani, na paa zetu za nyasi zimezama katika weupe ule, nyasi na jani vimekuwa kitu kimoja. Nilijua nyumba yangu iko upande wa kushoto wa mivumu miwili mirefu. Nikaweka kidole. Nikakitoa. Nikaweka pengine.

"Hii ni mugomba," karani akasema.

"Iko nyuma yake."

"Nyuma yake iko nini? Kamera inaona, wewe unasema haione?"

Nilitafuta nyumba niliyozaliwa ndani yake na sikuiona. Nikaanza kueleza kwamba filimu ile si kama filimu nyingine, jani linarudisha mwanga, kitu kinachotembea hakishikwi, mimi mwenyewe niliwahi kuwa upepo. Nilikuwa nasikia maneno yangu yanavyotoka. Karani alitafsiri sijui nusu ngapi, mkubwa akacheka, mwenye kahawa akacheka, na watu wetu nyuma yangu wakatazama chini kwa aibu yangu.

Ndipo nikakumbuka mivumu. Nikamgeukia sushefu, nikapiga magoti, nikazungumza naye Kinyarwanda ili karani asiingie katikati.

"Mutware," nilimwambia, "wewe ni Mnyarwanda. Umepita pale. Mivumu ile imesimama duara. Waambie mivumu ikisimama duara maana yake ni nini."

Alijua. Mtoto mdogo anayechunga mbuzi anajua. Sushefu aliichukua picha, akaisogeza mbali kidogo na macho kama mtu asiyeona vizuri, akaikodolea.

"Naona miti," akasema.

"Mutware, ni duara."

"Ni miti," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie. "Iko miti na maji."

Na kweli kwenye picha ile hapakuwa na duara. Weupe wote ulikuwa umeshikana. Ningekuwa mkubwa wa teritwari, na mimi ningeona miti.

Niliinuka, nadhani nilipiga kelele. Nilisema watu walikuwapo! Siku ile ya foto walikuwapo wote, na mitumbwi, na nyavu, na moto, waliondolewa tu!

Mkubwa akainua mkono. Safari hii karani alitafsiri neno kwa neno.

"Bwana anauliza, nani aliwaondoa? Ni mwenye kahawa?"

"Hapana."

"Ni askari?"

"Hapana."

"Mpiga foto aliwafukuza?"

"Alisema na mi."

"Aliwafukuza ao hakuwafukuza?"

"Hakuwafukuza."

"Donc nani?"

Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, karibu na mguu wangu. Hakujua Kiswahili kingi, lakini swali lile alilielewa, maana alikuwa anajua jibu.

"Ni mi," nikasema.

Karani akaandika. Hayo ndiyo maneno yangu pekee yaliyoingia kwenye karatasi ya kesi. Yale ya jani na mwanga hayakuandikwa. Sushefu akatia sahihi kwamba kwa kujua kwake udongo ni mtupu. Mimi ni mkosaji wa tano, nimejitaja barazani mbele ya watu, wale wanne wengine hakuna aliyejitaja mpaka leo.

Nyumba zilibomolewa kabla ya mvua. Kulipwa hatukulipwa, maana huwezi kumlipa mtu ambaye hayupo. Nyumba sita zilitawanyika. Mzee jirani alikwenda kwa binti yake Goma, akafa mwaka uleule, wanasema ni kifua. Wengine walivuka kwenda Kongo kutafuta mashamba ya Wazungu, wengine miaka michache baadaye mambo ya nchi yalipoharibika walipotelea humohumo, na sitaandika hayo hapa, yana wakosaji wake na hesabu yake. Sisi, mimi na mke wangu na mama, tulipewa kipande Kanzenze. Ukifika Kanzenze utaona mawe meusi ya volkano, udongo ni vumbi katikati ya mawe, mvua ikinyesha inazama palepale, mpaka maji ya kunywa unayatafuta nusu siku. Mvuvi nilipewa mawe.

Mama hakuwahi kunilaumu. Alinipikia, alinipa salamu za asubuhi, alimlea mtoto wetu. Lakini kitu fulani katika sauti yake kilikuwa kimeondoka, alikuwa anazungumza nami kama mtu anavyozungumza na mgeni mwema.

Mwaka wetu wa kwanza kule, jirani mmoja, mwanamke mchangamfu, alikuja na kikapu cha viazi kutukaribisha. Alikaa akasaidia kumenya. Akauliza habari za watoto, habari za mvua, kisha akauliza lile ambalo kila jirani huuliza.

"Na nyinyi, Mama, mulitoka wapi?"

Mama hakuinua macho. "Muulize mwanangu," akasema. "Yeye ndiye anajua nani alikuwa wapi."

Mwanamke akanigeukia, anatabasamu, kisu mkononi, anangoja. Nilifungua kinywa niseme kighubani. Nikaona itanibidi nieleze. Ataniuliza kwa nini tuliondoka, nitasema kesi, atauliza kesi gani, nitafika kwenye filimu na jani na mwanga, na mwisho wake atauliza lile swali la karani, na mama amekaa hapohapo.

"Tulitoka Busasamana," nikasema.

"Aa, Busasamana! Kule baridi!" akasema, akafurahi, akaanza kutusimulia habari za shangazi yake aliyeolewa huko. Mama aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika.

Ndivyo tulivyobaki. Walipokuja wa serikali kuandika watu, jirani ndiye aliyewaambia, na sisi hatukukanusha. Mama alipokufa padri alisoma juu ya kaburi kwamba alizaliwa Busasamana. Mke wangu alinitazama niseme kitu. Wanangu wanaamini hivyo mpaka leo, na mkubwa wao alishakwenda huko mara moja kutafuta ndugu.